Alichovaa Sabaya

Ukisoma historia ya Mlima Kilimanjaro kama ilivyozoeleka kuandikwa, utapewa habari za vilele, bendera na majina ya waliofika. Mimi nataka tuzungumze habari za viatu. Viatu, blanketi, kamba, shanta, sufuria: vile vitu ambavyo mwandishi huvipita haraka haraka ili awahi kileleni. Kumbe safari yenyewe mara nyingi imeshaamuliwa huku chini, siku ile mtu anapochagua abebe nini, aache nini, na nani abebeshwe.

Nianze na mtu aitwaye Sabaya. Habari zake zimetufikia kupitia mmisionari Johannes Rebmann, aliyefika Uchaggani kwa mara ya kwanza mwaka 1848 na kusimuliwa mambo yaliyotokea kabla yake. Mangi Rungua wa Machame, babake Mangi Mamkinga, alikuwa akikitazama kile kitu cheupe kinachong'aa juu ya mlima, akawa na matumaini kwamba huenda ni fedha. Basi akatuma kundi kubwa la watu wapande wakakichunguze. Aliyerudi alikuwa mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu imeliwa na baridi, akabaki kilema mpaka mwisho wa maisha yake. Wengine wote waliteketea huko juu. Kuna waliosema ni baridi, kuna waliosema ni pepo wa mlima.

Ndugu msomaji, tutulie hapa kidogo. Hawa hawakuwa wageni wa mlima. Walizaliwa ubavuni mwake, waliujua msitu na njia zake, walijua kuchimba mifereji ya kuteremsha maji kutoka juu mpaka migombani. Kama ni ujuzi wa mlima, walikuwa nao kuliko mzungu yeyote aliyekuja baadaye. Lakini walipanda na mavazi ya kihambani, yaani mavazi yaliyowafaa vizuri sana mahali pale walipokuwa wakiishi, wakayapeleka mahali ambapo hayakufaa kitu. Na kuna jambo la pili ambalo linanikera kila nikilifikiria: aliyeamua safari ile hakupanda. Mangi alibaki kwake, pengine kajifunika ngozi nzito, akingoja fedha yake iteremshwe.

Nimeyaweka mambo haya mawili mbele kwa sababu tutakutana nayo njia nzima. La kwanza, kifaa hakina uzuri wake peke yake, uzuri wake ni pale kinapokwenda. La pili, anayechagua kifaa na anayekibeba mara nyingi ni watu wawili.

Rebmann mwenyewe alikwenda vipi? Safari yake ya kwanza alikuwa na wapagazi wasiofika kumi, kiongozi wa msafara akiwa Bwana Kheri, na silaha yake mkononi ilikuwa mwavuli. Naam, mwavuli. Vitabu vingi vinautaja mwavuli ule kwa kucheka, eti tazama mchungaji huyu aliyeingia nyika yenye simba na kifaru akiwa na kitambaa juu ya fimbo. Mimi sicheki. Mtu asiyekwenda kupigana wala kupanda barafu, anayetembea chini ya jua la nyika ya Taita na kunyeshewa kwenye miteremko ya Uchagga, angechukua nini cha maana zaidi? Tarehe 11 Mei 1848 akaiona ile theluji. Alipomwuliza mwongozaji wake jina la kitu kile cheupe, mwongozaji akamjibu kwamba ni baridi. Hapakuwa na neno jingine. Jibu lile limenikaa sana kichwani, maana ndilo jibu ambalo Sabaya angelitoa.

Mwaka uliofuata, 1849, Rebmann alirudi na watu kama 30 na mizigo mingi, nia yake ikiwa kuvuka hadi Unyamwezi. Safari hii hakuvuka popote. Alipofika Machame mali yake ikaishia mikononi mwa Mangi Mamkinga, kidogo kidogo, zawadi baada ya zawadi, mpaka ikabidi ageuze. Mwavuli ulifika, shehena haikufika.

Wengine nitawapita upesi. Baron von der Decken alijaribu mwaka 1861 akarudishwa na hali mbaya ya hewa, akajaribu tena 1862 akafika kama mita 4,300. Charles New aliigusa theluji mwaka 1871. Hawa walikuwa wakijifunza kwa miguu yao, na kwa miguu ya watu wao, kwamba mlima huu si mmoja. Ni milima kadhaa iliyopangwa mmoja juu ya mwingine: chini joto na migomba, kisha msitu wa mvua na matope, kisha vichaka na ukungu, kisha jangwa la mawe, kisha barafu. Mtu anapita hali zote hizo kwa siku chache, na nguo ya mahali pamoja inakuwa adui yake mahali pengine. Shati la pamba ni raha tupu ukiwa Moshi mjini. Likilowa jasho msituni, halafu ukafika nalo juu jioni upepo ukaanza, ni afadhali ungekuwa kifua wazi. Sufi hubaki na joto hata ikiwa na unyevu, pamba haina habari hiyo.

Sasa tufike kwa Hans Meyer. Shuleni tuliimbishwa jina lake kama jibu la mtihani: mtu wa kwanza kufika kileleni, Mjerumani, 1889. Hatukuambiwa kwamba ile ilikuwa safari yake ya tatu. Mwaka 1887 alipanda mpaka penye kuta za barafu za Kibo, akasimama pale. Nguvu alikuwa nazo, fedha alikuwa nazo, wapagazi alikuwa nao. Asichokuwa nacho ni zana za barafu na mtu wa kumshikia kamba. Mwaka 1888 hakuufikia hata mlima, alikamatwa wakati wa vita vya Abushiri, akalipiwa fedha ndipo akaachiwa. Ya tatu ndiyo ikawa.

Alichofanya safari hii ya tatu ni kujiuliza swali moja tu: kitu gani hasa kilinirudisha? Jibu lilikuwa barafu. Basi akamchukua Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyeijua milima ya Alps, pamoja na kamba na mashoka ya barafu. Akapanga kambi kwa ngazi: moja kubwa Marangu, nyingine katikati, na hema dogo juu kwenye mita 4,300 hivi, huku wapagazi wachache wakipandisha chakula kila baada ya siku chache. Kwenye kambi ile ya juu alibaki nao mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani, siku baada ya siku, akipika na kulinda hema wakati wao wakihangaika na barafu. Mtu wa pwani, amezoea upepo wa minazi, analala kwenye mita 4,300! Jina lake linastahili kutajwa darasani pamoja na lile la Meyer.

Tarehe 3 Oktoba 1889 Meyer na Purtscheller waliingia kwenye barafu. Kila hatua ilibidi ichongwe, na hatua moja ilikula mapigo kama ishirini ya shoka. Walipofika ukingo wa kreta muda ulikuwa umekwisha, theluji imelainika kwa jua, kilele halisi bado kiko mbali. Wakarudi. Hapa ndipo ninapompa Meyer heshima yake, maana mtu mwingine angeagiza zana zaidi, kamba zaidi, watu zaidi. Yeye alichobadili ni mahali pa kulala. Walikwenda kulala pangoni, juu zaidi ya hema, na asubuhi ya tarehe 6 wakazikuta hatua walizochonga siku ile bado zipo. Wakapita juu ya kazi yao wenyewe mpaka kileleni.

Marangu wazee wana habari nyingine pia, ya Mzee Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996 akiwa mkongwe sana, ambaye masimulizi yanamweka katika msafara ule wa Meyer kama kiongozi wa njia. Kitabu cha Meyer kinawataja watu wawili tu kileleni. Siwezi kuamua kesi hii kwenye kurasa hizi. Ila nimegundua kwamba wazee wanaposimulia habari ya Mzee Lauwo hawasahau kamwe kueleza alivyovaa, blanketi na miguu mitupu, na wanaosikiliza hushusha pumzi hapo hapo. Kileleni kunaweza kubishaniwa, miguu haibishaniwi.

Lakini tazama historia inavyocheza na watu. Lile shoka la barafu lililomfikisha Meyer, leo kwenye njia za kawaida za Kilimanjaro ni chuma cha kubebwa bure. Barafu ile imeondoka. Tangu ilipopimwa mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake imetoweka, na mtu anayepita Marangu au Machame siku hizi anakwenda juu ya kokoto na vumbi la volkano mpaka kileleni, labda na theluji nyepesi iliyoanguka usiku. Anachohitaji ni kitu cha kuzuia kokoto zisiingie viatuni, fimbo mbili za kumsaidia magoti wakati wa kushuka, nguo za baridi za tabaka tabaka, na maji ambayo hayatagandia kwenye chupa. Hata hivyo utamwona mtu amenunua shoka la barafu kwa sababu kwenye picha za zamani mpanda mlima ana shoka la barafu. Mlima wa kwenye picha ni wa 1889, bwana. Huu wa leo ni mwingine.

Tuvuke mpaka kidogo, twende Mlima Kenya, maana huko kuna kisa ambacho kwangu ndicho chenye mafunzo kuliko vyote. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiendelea, Waingereza waliwafungia wafungwa wa Kiitaliano kwenye kambi namba 354 pale Nanyuki. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Kiitaliano Addis Ababa, aliamka asubuhi moja mawingu yamefunguka akaona kile kilele. Akaamua kutoroka, akapande, kisha arudi kambini mwenyewe. Ndiyo, arudi! Wenzake walidhani amerukwa na akili. Alimpata daktari mmoja, Giovanni Balletto, na mwingine, Vincenzo Barsotti, wakaanza kujiandaa kwa miezi.

Hakuna duka. Hakuna orodha ya vifaa. Hakuna fedha. Walichukua nyundo zikageuzwa mashoka ya barafu. Vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya viatu vilitengenezwa kwa vyuma chakavu vya kambini. Kamba zao zilikuwa za katani, zile zilizokuwa kwenye vitanda vyao vya kifungoni. Nguo za juu zilishonwa kutokana na mablanketi. Chakula waliweka akiba kutoka kwenye posho, kidogo kidogo, wakijinyima. Na ramani? Mojawapo ya picha walizotegemea kuujua mlima ule ilikuwa karatasi ya kopo la nyama, kopo la Kenylon, iliyochorwa Mlima Kenya kama nembo.

Tarehe 24 Januari 1943 wakatoka, wakafuata bonde la mto Nanyuki. Barsotti alikuwa mgonjwa, akabaki kambi ya chini. Benuzzi na Balletto walijaribu Batian, kilele cha mita 5,199, dhoruba ya theluji ikawarudisha. Tarehe 6 Februari wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao. Kisha wakateremka, chakula kimewaishia, wanatembea kwa njaa, wakarudi kwenye kambi ile ile ya wafungwa na kupokea adhabu ya siku 28 za kufungiwa peke yao, ambayo ilipunguzwa ikawa siku 7. Baadaye Benuzzi akaandika kitabu, na kilisomwa sana.

Watu wengi wanakisimulia kisa hiki kama cha ushujaa. Sawa. Mimi nakipendea hesabu yake. Kila kitu kilichokuwa kwenye mizigo yao kilikuwa na swali nyuma yake, kwa sababu kilikuwa kimeibwa au kimetengenezwa kwa hatari, na kwa sababu wao wenyewe ndio waliokuwa wakienda kukibeba. Hawakuwa na mpagazi. Katika habari zote hizi nilizozitaja hapa, hao ndio wa kwanza ambao mgongo uliochagua na mgongo uliobeba ulikuwa mmoja. Na walipokosea hesabu, hasa ya chakula, walioumia ni wao.

Sasa turudi kwenye viatu, nilivyoahidi tangu mwanzo. Zamani mpanda mlima wa Ulaya alivaa buti za ngozi zilizopigiliwa misumari chini ili zisiteleze. Nzito ajabu. Kwenye miamba mikali hazikufaa, kwa hiyo watu waliziacha chini wakavaa viatu vyepesi vya kukwea. Mwaka 1935 huko Italia, kundi moja lilikamatwa na dhoruba juu ya mwamba likiwa na viatu hivyo vyepesi, na watu sita wakafa. Mwenzao Vitale Bramani hakuweza kulisahau jambo lile. Kufikia 1937 alikuwa ametengeneza soli ya mpira yenye meno makubwa, inayoshika kwenye mwamba na kwenye matope vilevile, na waliomsaidia ni watengenezaji wa matairi. Soli hiyo ndiyo baba wa karibu kila buti la mlimani unaloliona leo. Na sisi huku tulikuwa tukivaa nini? Makatambuga! Mpira wa tairi, huo huo. Sisemi kwamba katambuga lapandishwa Kibo, hasha, vidole vingebaki huko. Ila mtu asije akadhani akili ya kuweka tairi mguuni ilitoka upande mmoja wa dunia.

Wapanda milima wana kanuni yao ya siku nyingi kwamba kilo moja mguuni ni kama kilo tano mgongoni, na vipimo vilivyofanywa baadaye kwa mitambo vimekaribiana nayo. Fikiria maana yake. Mguu unainuliwa maelfu kwa maelfu ya mara kwa siku. Buti zito la kijeshi linalopendeza machoni linakula nguvu kama mzigo mwingine uliofichwa. Kwa hiyo anayesema "nataka buti gumu kabisa lisilokufa" lazima aulizwe: unakwenda wapi nalo, na una nini kichwani?

Kichwani, ndiyo. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti ambao miongoni mwa waliouandika alikuwa Maloiy wa Nairobi. Waliwapima akina mama wa Kijaluo wanaobeba kichwani na akina mama wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Wakakuta kwamba mzigo mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili, mama hawa walitembea nao bila kuongeza nguvu yoyote inayopimika, kana kwamba hawajabeba kitu. Ukizidi hapo ndipo gharama inaanza. Kwa mwenye kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Wataalamu walishangaa. Bibi zetu wasingeshangaa. Lakini angalia: hao ni akina mama waliobeba tangu utotoni, shingo na mwendo vimejengwa pamoja. Kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi hana shingo hiyo.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Kikomo cha mzigo wa mpagazi mlimani ni kilo 20, na getini kuna mizani. Kwa kijana yule wa kilo 60, kilo 20 ni theluthi ya mwili wake. Wapagazi wenyewe wanajiita wagumu, na kweli ni wagumu, lakini jina hilo nalo lina hatari yake. Ukishaitwa mgumu nani atakuuliza kama una soksi? Babu yangu alibeba mizigo miaka ya sitini, kwa ngata ya majani makavu ya migomba, na blanketi alilopewa kwa kuazimwa, la kurudisha siku ya kushuka. Akikusimulia safari hizo hasemi habari za kilele. Anasema habari za kuamka usiku kujipigapiga miguu.

Na ndiyo maana nimeingia kwenye historia hii. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amepata safari yake ya kwanza ya upagazi, mwanzo wa Juni, njia ya Machame, siku sita. Amekuja kwangu na shilingi 60,000 tumfanyie manunuzi kwenye mitumba ya Memorial. Njiani anaongea habari za kilele tu. Tulipofika akaenda moja kwa moja kwenye buti la kijeshi, jeusi, linang'aa, na koti nene la manyoya ya ndege la kupanda nalo Everest.

"Dada, hili nikilivaa hakuna baridi itakayonigusa."

Muuzaji naye akadakia, "Dada yangu, mali ya Ulaya hiyo, mwachie kijana apendeze."

Nikamwuliza mdogo wangu kitu ambacho hakuna aliyemwuliza: wewe unalala wapi usiku ule wenzako wanapanda kileleni? Akanyamaza. Mpagazi wa Machame kwa kawaida hafiki kileleni. Mwisho wake ni kambi ya Barafu, kwenye mita kama 4,670, anasimamisha mahema, analala au anajaribu kulala, na asubuhi anabeba kuteremka. Baridi yake si ya kutembea, ni ya kukaa na kungoja. Adui yake wa kwanza hata hivyo si ile ya juu. Ni siku ya kwanza msituni, ambapo Juni matope bado yapo, na akilowa pale atakuwa amelowa siku sita, kwa sababu huko juu hakuna mahali pa kuanikia. Lile koti la manyoya likilowa linakuwa kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai. Tena angekuwa anakwenda Marangu, yenye vibanda vya kulala Mandara, Horombo na Kibo, ningemshauri vingine. Angekuwa anakwenda Rongai, upande mkavu wa kaskazini, vingine tena. Na kama ningekuwa ninamnunulia mgeni anayepanda mpaka mita 5,895 usiku wa manane akiwa na kibegi cha kilo chache mgongoni, hata lile koti ningelichukua.

Aliponielewa alikasirika kidogo. Sikumlaumu. Kijana wa miaka 19 anataka kuonekana mpanda mlima, na mimi ninamnunulia vitu vya kukaa na kungoja. Lakini tulichagua pamoja. Buti la kati, la kitambaa na ngozi, soli ya mpira yenye meno ambayo haijasagika kisigino, kubwa kuliko mguu wake kwa nafasi ya kidole ili soksi mbili zienee na vidole visigonge mbele wakati wa kushuka Mweka. Nilimwambia avae, apande ngazi za jukwaa, ashuke, apande tena. Muuzaji akacheka, "Huyu dada anapima gari." Sweta mbili za sufi, moja nyembamba moja nene. Suruali ya mvua iliyotoboka gotini, tumeiziba. Kofia ya kufunika masikio. Soksi jozi nne, na mbili kati ya hizo zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki na amri yangu kwamba hazifunguliwi mpaka wakati wa kulala, hata mbingu zianguke.

Fedha ilipoishia hapo, nikamwelekeza kwa wale wa mradi wa kuwasaidia wapagazi, ulioanza mwaka 2003, ambao pale Moshi huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Amekwenda jana akarudi na koti la kuzuia mvua na upepo, zuri kuliko lolote tuliloliona sokoni, refu mikono. Atalirudisha akishuka.

Babu naye alipita jioni kukagua. Akamgeuza mdogo wangu huku na huku kama mbuzi wa mnadani, akabonyeza kisigino cha buti, akanusa ile suruali ya mvua, sijui kwa nini. Kisha akatoka nje akarudi na majani makavu ya mgomba, akakaa kwenye kigoda akaanza kumsokotea ngata, huku akimwambia asiweke mzigo katikati ya utosi bali mbele kidogo, shingo iwe imesimama, na ahesabu pumzi. Mdogo wangu, ambaye buti lake lina soli iliyobuniwa Italia na koti lake limeshonwa sijui nchi gani, akainamisha kichwa kupimwa.

Glavu bado. Tulizozipata zote ni za mkono mmoja mmoja, na Jumamosi tutarudi tena sokoni mapema, kabla marobota hayajachambuliwa.